Presha ya Ukoo: Yale Tunayorithi na Yale Tunayoyapika Wenyewe

Katika vikao vya ukoo na matangani, kauli moja husikika mara kwa mara: "Presha kwetu ni ya kurithi." Wapo wanaoitamka kwa kukata tamaa, kana kwamba babu aliyeanguka kwa kiharusi aliwaachia wajukuu hukumu isiyokatiwa rufaa. Wapo pia wenye kauli ya pili, inayotamkwa kwa majivuno kidogo: "Kwetu hakuna presha." Ukiwauliza hao ni lini walipimwa mara ya mwisho, wengi hawakumbuki, na baadhi hawajawahi kupimwa kabisa.

Makala haya yanazichunguza kauli hizo mbili. Ya kwanza ina ukweli mwingi, ila uamuzi unaotolewa kutokana nayo, yaani kukaa na kungoja, ni kosa. Ya pili, kwa wilaya kama yetu, haiwezi kuwa kweli kwa ukoo wowote mkubwa.

Hai katika takwimu

Wilaya ya Hai si ngeni katika utafiti wa jambo hili. Kuanzia mwaka 1992 ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu nchini, pamoja na Dar es Salaam na Morogoro Vijijini, ambamo vifo vya watu wazima vilifuatiliwa kaya kwa kaya ili kujua chanzo cha kila kimoja. Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000, nayo yaliwashangaza waliokuwa wakiamini kwamba kiharusi ni ugonjwa wa nchi tajiri. Kati ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiwango cha vifo vya kiharusi hapa Hai kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kile cha Uingereza na Wales. Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya zaidi.

Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2010, haukuhesabu vifo bali wagonjwa wapya wa kiharusi. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilionekana kuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Kisha mwaka 2013 yakatoka matokeo ya uchunguzi wa wazee wa Hai wenye umri wa miaka 70 na kuendelea: takriban saba kati ya kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wamegundulika. Kwa nchi nzima, uchunguzi wa mwaka 2012 ulionesha kwamba mtu mmoja hivi kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana tatizo hili.

Msomaji ataona kwa nini tunasema kwamba ukoo usio na presha haupo. Ukoo wenye watu wazima hamsini, wazee wakiwamo, unao wagonjwa kadhaa. Jambo lisilojulikana ni majina yao tu.

Tukumbushane maana ya namba zenyewe. Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Namba ya juu hupimwa moyo unapojibana, na ya chini hupimwa unapolegea. Mtu mzima ambaye vipimo vyake, kwa siku zaidi ya moja, vinafika 140 kwa 90 au kupita, huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Mara nyingi hasikii chochote. Kichwa hakimuumi, moyo haumwendi mbio, na shambani anapiga jembe kama kawaida, huku mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho ikiharibika mwaka baada ya mwaka.

Urithi wa namna mbili

Wananchi wengi wanaufahamu urithi wa ugonjwa kwa mfano wa selimundu, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Hapo hesabu ni nyepesi. Jeni ni moja tu. Baba na mama wakiwa wote wamebeba jeni hiyo bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mtoto ama anao ugonjwa, ama hana.

Presha hairithiwi hivyo, isipokuwa kwa nadra sana, na nadra hizo zina somo kubwa. Mwaka 1963 daktari wa Kimarekani aitwaye Grant Liddle alieleza habari za familia moja ambayo vijana wake kadhaa walikuwa na shinikizo la juu mno. Figo zao zilikuwa zikiing'ang'ania chumvi badala ya kuitoa katika mkojo. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1990, Richard Lifton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walizitafuta jeni zinazosababisha ugonjwa huo na magonjwa mengine machache ya aina hiyo. Walichokiona kilirudiwarudiwa katika familia moja baada ya nyingine: jeni zilitofautiana, lakini karibu zote zilipitia mlango mmoja, yaani jinsi figo zinavyoshughulikia chumvi. Figo ikirudisha chumvi nyingi katika damu, maji huifuata, ujazo wa damu huongezeka, na shinikizo hupanda. Kinyume chake pia kilionekana. Wapo watu waliozaliwa na jeni inayozifanya figo zipoteze chumvi, na shinikizo lao huwa chini.

Hapa ndipo maneno "kurithi" na "kula" yanapokutana. Mtu anaweza kurithi figo zenye uchoyo wa chumvi, lakini chumvi yenyewe hairithiwi. Huingia kwa kijiko.

Kwa watu wengine wote, yaani karibu wote wanaosoma makala haya, urithi wa presha ni wa jeni nyingi ndogondogo. Mwaka 2018 watafiti waliokusanya taarifa za watu zaidi ya milioni moja walitaja maeneo 901 katika vinasaba yanayohusiana na shinikizo la damu. Mwaka 2024 kundi jingine lilipitisha idadi ya alama hizo 2,000. Nyingi kati yake hubadilisha shinikizo kwa chini ya milimita moja ya zebaki, kiasi ambacho hata mashine nzuri ya zahanati haiwezi kukionesha. Nguvu yake hutokana na wingi. Katika utafiti huo wa 2024, watu waliokuwa katika sehemu ya kumi yenye mzigo mkubwa zaidi wa jeni walizidi wale wa sehemu ya kumi yenye mzigo mdogo kabisa kwa takriban milimita 17 katika namba ya juu. Tofauti hiyo si ndogo, na asiyeamini kwamba presha hurithiwa aitafakari. Lakini hao ni watu wa ncha mbili. Wengi wetu tuko katikati, tukiwa tumechanganya jeni za kupandisha na jeni za kushusha, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama.

Wataalamu husema kwamba asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za shinikizo la damu kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Kauli hiyo hueleweka vibaya. Haina maana kwamba nusu ya presha ya mama yako imetoka kwa bibi na nusu nyingine imetoka jikoni. Inahusu tofauti katika kundi la watu wanaoishi mazingira yanayofanana. Mazingira yakibadilika kwa wote, kundi zima hupanda au kushuka pamoja, wenye jeni nzito na wenye jeni nyepesi. Ukoo nao hurithishana mambo mengine yasiyo jeni: mkono wa kutia chumvi, mapenzi ya nyama choma, kiasi cha pombe kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Ndugu waliokulia jiko moja wana presha inayofanana kwa sababu zote hizo kwa pamoja.

Jambo moja tulitamke wazi. Wengi kati ya watu waliochunguzwa katika tafiti hizo kubwa za vinasaba ni wenye asili ya Ulaya, na alama zilizopatikana kwao hazitabiri vizuri kwa Mwafrika. Bara letu lina tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara lingine lolote. Kazi imeanza, kwa mfano utafiti wa AWI-Gen uliowahusisha watu wapatao 12,000 katika vituo sita vya Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini, lakini pengo bado ni kubwa. Kwa hiyo mtu akijitokeza kuuza kipimo cha jeni cha kukuambia iwapo utapata presha, mwulize kwanza kilijaribiwa kwa watu gani.

Aliyehama na aliyebaki

Ushahidi bora zaidi wa mpaka kati ya jeni na mazingira, kwa maoni ya mwandishi, umetoka kwa majirani zetu wa Kenya. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa nchi hiyo kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wahamiaji walikuwa zaidi ya 300. Damu yao ilikuwa ile ile ya ndugu zao waliobaki, kwani hakuna anayebadilisha jeni kwa kupanda basi. Hata hivyo, ndani ya miezi ya mwanzo tu ya kuishi jijini, shinikizo lao lilikuwa limewapita waliobaki. Mkojo wao ulionesha sodiamu zaidi na potasiamu pungufu, ishara ya chakula chenye chumvi nyingi na mboga kidogo. Uzito wao uliongezeka, na hata mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi.

Mfano wa pili ni mpana zaidi. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wenye asili moja ya Afrika Magharibi wanaoishi sehemu mbalimbali. Waliokuwa na shinikizo la juu walikuwa asilimia 16 Afrika Magharibi kwenyewe, asilimia 26 katika visiwa vya Karibi, na asilimia 33 katika mji mmoja karibu na Chicago, Marekani. Kadiri walivyoishi mbali na maisha ya mababu zao, ndivyo presha ilivyozidi.

Huo ndio msingi wa tofauti tuliyoitaja mwanzoni kati ya kiharusi cha Hai na cha Dar es Salaam. Ni kweli kwamba wakazi wa jiji wametoka makabila yote, na si sahihi kuwalinganisha moja kwa moja na watu wa Machame au Masama. Lakini kila familia ya Hai ina watoto waliokwenda Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, na familia hizo zinaweza kufanya ulinganisho wao wenyewe. Aidha, maisha ya mjini hayangojei tena watu wayafuate. Boma Ng'ombe imekuwa mji. Chipsi, soda, viungo vya supu vya paketi na pikipiki ya kumfikisha mtu mlangoni vimepanda hadi migombani.

Figo, malale na fumbo la kale

Kuna jeni moja ambayo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa imebadilisha jinsi madaktari wanavyoufikiria uhusiano wa presha na figo. Inaitwa APOL1. Kazi yake ni kutengeneza protini ya damu inayoua vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Aina ya vimelea iliyopo kwetu Afrika Mashariki, iitwayo rhodesiense, ilipata ujanja wa kuizima protini hiyo. Maelfu ya miaka iliyopita yakatokea katika baadhi ya Waafrika mabadiliko mawili ya jeni, ambayo wanasayansi wameyapa majina G1 na G2, yaliyoirudishia protini makali yake dhidi ya vimelea.

Mwaka 2010 iligundulika gharama ya kinga hiyo. Mtu mwenye nakala moja ya mabadiliko hayo kwa kawaida hana shida kubwa. Mwenye nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, yuko katika hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa, hasa akipata jambo jingine la kuzichokoza, kama vile virusi vya UKIMWI visivyotibiwa. Mfanano na selimundu unaonekana: silaha iliyomlinda babu dhidi ya vimelea inamgeuka mjukuu.

Kwa miongo mingi, mgonjwa mwenye asili ya Afrika aliyefika hospitali akiwa na figo zilizochoka na presha ya juu aliambiwa kwamba presha ndiyo iliyoua figo. Kwa wengi ndivyo ilivyo. Lakini ugunduzi wa APOL1 umeonesha kwamba kwa baadhi yao mambo yalianza kinyume: figo ziliumia kwanza, na presha ikafuata. Mabadiliko haya yamezagaa zaidi Afrika Magharibi, hasa Nigeria, na ni machache zaidi upande wetu wa mashariki. Ethiopia karibu hayapo. Inashangaza kidogo, kwa kuwa vimelea vya rhodesiense viko huku mashariki. Kwa hiyo hatudai kwamba APOL1 ndiyo chanzo cha presha za Hai. Tunachochukua kwake ni tahadhari: ukoo wenye wagonjwa wa figo uchunguzwe figo, wala usiridhike na kupima mkono peke yake. Kipimo cha kuangalia protini katika mkojo ni cha kijiti tu, na majibu hutoka dakika chache.

Upo ugonjwa mwingine wa figo wa kurithi ambao ni rahisi kuutambua kwa kuuliza historia ya familia, nao ni figo kujaa vifuko vya maji. Mzazi mwenye ugonjwa huu humrithisha kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, na presha hupanda mapema, wakati mwingine katika umri wa miaka ya ishirini au thelathini. Kijana wa umri huo mwenye presha ya juu asiambiwe ni mawazo tu akarudishwa nyumbani. Anahitaji kuchunguzwa figo, tezi zilizo juu ya figo na mishipa yake, na ikibidi apewe rufaa hadi KCMC.

Ujauzito: ukoo wa mume nao umo

Shinikizo la juu wakati wa ujauzito, lile linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba, huua akina mama na watoto. Bado wapo wanaolihusisha na mapepo au na tabia ya mjamzito. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake alipata tatizo hili yuko katika hatari zaidi kuliko mwingine, na hilo limejulikana muda mrefu. Jambo lililoongezeka ni kuhusu mtoto. Mwaka 2017 watafiti walitambua eneo la vinasaba, karibu na jeni iitwayo FLT1, linalohusiana na hatari hii likiwa katika vinasaba vya mtoto aliye tumboni, si vya mama. Jeni hiyo huhusika na protini inayotoka katika kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mama, ambako ikizidi huiumiza mishipa yake. Nusu ya vinasaba vya mtoto hutoka kwa baba. Mama mkwe anayemlaumu mkaza mwana kwa "kuleta presha" nyumbani anapaswa kujua kwamba mwanawe naye amechangia.

Hivyo mjamzito anapohudhuria kliniki aeleze historia ya upande wake, na mume akifuatana naye aeleze kama mama yake alipata tatizo hilo alipokuwa na mimba yake. Mhudumu akiona hatari ni kubwa, daktari anaweza kumwanzishia mama aspirini ya kiwango kidogo mapema katika ujauzito. Asiinywe kwa kujiamulia. Na mama aliyewahi kupata tatizo hili asidhani limeisha kwa kujifungua. Miaka ya mbele yuko katika hatari zaidi ya presha ya kudumu na kiharusi, kwa hiyo anapaswa kupimwa kila mwaka.

Jeni nzito, mlo na vidonge

Swali linalobaki ni kama juhudi zina faida kwa aliyerithi mzigo mkubwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, ukihusisha watu zaidi ya 270,000, uliwagawanya washiriki kwa uzito wa jeni zao, kisha ukatazama mwenendo wa maisha yao. Katika kila kundi, la jeni nzito na la jeni nyepesi, walioishi kwa uangalifu walikuwa na namba ya juu pungufu kwa milimita 4 hadi 5 hivi kuliko wasiojali. Nafuu ilikuwa karibu sawa kwa wote. Tusilifiche upande wake wa pili: milimita 4 au 5 hazitoshi kumfikisha mwenye 170 mahali salama. Huyo anahitaji vidonge.

Vidonge navyo havijali presha imetoka wapi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba kushusha namba ya juu kwa milimita 10 hupunguza kiharusi na moyo kushindwa kwa zaidi ya robo, na vifo vyote kwa takriban asilimia 13. Kuhusu dawa zipi, hatukulazimika kungoja vipimo vya jeni. Mwaka 2019 utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionesha kwamba mchanganyiko wa dawa mbili wenye amlodipini ulishusha presha vizuri kuliko ule usiokuwa nayo. Amlodipini hulegeza mishipa, ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu.

Kikwazo kikubwa tunachokiona ni wagonjwa kuacha dawa wanapojisikia vizuri. Presha iliyoshuka kwa dawa itapanda dawa ikiachwa, kwa kuwa jeni na mishipa havijabadilika. Kidonge hakimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Kinafanya kazi ambayo figo na mishipa imeshindwa.

Kuhusu jikoni, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa chumvi yote: ya mchuzi, ya mkate, ya nyama choma na ya paketi za viungo. Magadi tunayotia katika maharage na ndizi ili viive upesi nayo yana sodiamu, na kwa ukanda wetu yana sababu nyingine ya kupunguzwa, nayo ni floraidi inayoharibu meno ya watoto. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi hiyo hiyo bila magadi. Ndizi, maharage, parachichi na mboga za majani, ambavyo vihamba vyetu vinavyo tele, vina potasiamu inayozisaidia figo kuitoa sodiamu. Ila mwenye figo zilizokwisha kushindwa amwulize daktari kwanza, kwa kuwa kwake potasiamu nyingi ni hatari. Pombe hupandisha presha kadiri inavyozidi, na mbege ni pombe.

Kupima ukoo kwa mpangilio

Hospitali za wilaya hazipimi jeni za presha, wala hazihitaji kufanya hivyo. Historia ya familia hutoa sehemu kubwa ya taarifa inayotakiwa, bila gharama. Kinachokosekana ni kuitumia. Mtu mmoja akigundulika kuwa na presha, mara nyingi habari huishia kwake, wakati ingepaswa kuwafikisha kliniki wazazi wake walio hai, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wote waliopita miaka 18. Hao ndio walio na nafasi kubwa zaidi ya kukutwa nayo. Msisitizo uwe mkubwa zaidi ikiwa mzazi au ndugu alipata kiharusi, alishindwa na moyo au figo, au alifariki ghafla kabla ya kufika miaka 60.

Mwezi Desemba una nafasi ya pekee kwa jambo hili, kwa sababu wana wa Hai waliotawanyika hurejea nyumbani kwa Sikukuu ya Krismasi na ukoo mzima huonana kwa siku chache. Viongozi wa koo wanaweza kuzungumza mapema na mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chao, wakapanga siku ya ndugu kupimwa. Inafaa siku hiyo itangulie sherehe badala ya kuzifuata. Aliyekunywa pombe, kahawa au kuvuta sigara muda mfupi kabla hatapata kipimo cha kuaminika. Mpimwaji akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu miwili ikigusa sakafu bila kupishana, mkono ukiwa wazi bila sweta na umewekwa usawa wa moyo. Kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili. Atakayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi arudie siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Lakini atakayekutwa na 180 kwa 120 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na iwe haraka mno kama kifua kinambana, haoni vizuri, mdomo umepinda au mkono umelegea.

Matokeo yaandikwe katika daftari moja la ukoo: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba mbili za presha, tarehe, na kama ana kisukari au ugonjwa wa figo. Upande mwingine waandikwe waliofariki, umri wao na chanzo kadiri kinavyofahamika. Anayeishi mbali anakili sehemu inayomhusu na kuionesha katika kliniki ya huko aliko. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo waende na utambulisho wao wa msamaha wa matibabu. Na yeyote ambaye tayari anatumia dawa aje nazo zote mkobani, pamoja na zile za mitishamba na zile alizogawiwa na jirani, ili mhudumu aone anachokinywa.